Kununua Gari la Kifahari Lililotumika Bila Kuliona
(Mazungumzo kwa Makatibu, Wajumbe wa Bodi na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Karani wa ununuzi hapokei pamba kwa kuambiwa. Hutia mkono ndani ya mzigo hadi chini, hutazama rangi, hutafuta majani na mchanga, kisha hutenga pamba safi na fifi. Ndipo mizani inapoanza kazi. Mkulima akisema pamba yake ni safi, maneno yake hayaandikwi kwenye stakabadhi; huandikwa kile ambacho jicho na mkono wa karani vimekiona. Utaratibu huo kila mwanachama anauheshimu, hata yule anayenung'unika pale mzigo wake unapopelekwa upande wa fifi.

Ni ajabu, basi, kwamba chama hicho hicho kinapotaka gari huwa tayari kutoa akiba ya misimu kadhaa kwa sababu ya picha nane zilizoonekana katika simu ya mtu mmoja.

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania hutoka Japani. Sababu zake si siri. Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Tanzania, Kenya na Uganda, na kwa hiyo magari mengi ya huko yana usukani upande wa kulia. Tena, sheria ya Japani hudai gari dogo la binafsi likaguliwe miaka mitatu baada ya kuandikishwa likiwa jipya, na baadaye kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo pamoja na kodi na bima zake ni ghali, na wenye magari wengi huona heri kuuza kuliko kulipia tena. Magari hayo hupelekwa minadani. Mnada wa USS Tokyo, ulioko katika mji wa Noda, huuza maelfu ya magari kwa siku moja, na kila gari huamuliwa kwa muda wa sekunde tu. Muuzaji anayemwandikia mnunuzi wa Shinyanga au Moshi mara nyingi hana gari lolote uani kwake. Analinunua mnadani baada ya kupata fedha za mteja, naye pia huenda asilione kwa macho yake.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwa nini gari la kifahari huonekana rahisi. Mercedes-Benz iliyokuwa ya bei kubwa mno ilipokuwa mpya huuzwa baada ya miaka 15 kwa fedha zinazokaribiana na za gari la kawaida. Wengi hudhani hapo pana bahati. Hapana. Mwenye gari wa Japani anajua gharama ya matengenezo yanayokaribia, naye ameiondoa gharama hiyo katika bei. Anayenunua kwa bei ndogo amenunua pia bili ya fundi ambayo bado haijaandikwa.

Mifano miwili inatosha. Mercedes-Benz ya aina ya S iliyotolewa mwaka 1998 haikubebwa na springi za chuma, bali na mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Mpira huo huzeeka na kupasuka. Gari likilala usiku kucha, asubuhi hukutwa limeketi chini upande mmoja kama ngamia, na pampu ya hewa hufanya kazi bila kupumzika mpaka nayo inaungua. Katika picha iliyopigwa mchana, injini ikiwa imetoka kuwashwa, gari hilo husimama wima na kupendeza. Mercedes ya aina ya E iliyotolewa mwaka 2002 ilikuwa na breki zinazoongozwa kwa umeme. Chombo cha breki hizo huhesabu mara ambazo breki zimekanyagwa, na hesabu ikifika kikomo chake hutoa onyo na kutaka kibadilishwe. Kampuni yenyewe iliyaita magari mengi yarudi kutengenezwa mwaka 2004 na tena mwaka 2005, na mwaka 2006 ikaiacha breki ya namna hiyo katika aina hiyo ya gari. Fundi hodari wa Land Rover katika mji wa wilaya hawezi kulaumiwa kwa kutolijua hilo. Hana mashine ya kusoma chombo hicho.

Kuna na jambo la usukani. Japani ni nchi ya usukani wa kulia, lakini matajiri wake kwa miaka mingi walipenda kununua magari ya Ulaya yenye usukani wa kushoto, kwa kuwa yalionyesha kwamba mwenyewe ana uwezo. Mnunuzi anayeona neno "Japani" na kuridhika aweza kupokea bandarini gari ambalo dereva wake halioni lori linalokuja mpaka amekwisha kutoa nusu ya bodi barabarani. Hilo picha huonyesha wazi. Huhitaji tu mtu wa kulitazama dirisha la mbele badala ya kuzitazama rimu.

Karatasi ya mnada ndiyo mkono wa karani katika biashara hii. Kila gari linalopita mnadani hukaguliwa na mtu asiye muuzaji wala mnunuzi, naye hujaza karatasi yenye daraja, kilomita na mchoro wa gari zima. Daraja la 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa vizuri kwa umri wake, 3.5 lina makovu. Herufi R, au RA, humaanisha gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Katika mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipogongwa na kunyooshwa, S ni kutu, na C ni kutu iliyokula bati. Tarakimu inayofuata huonyesha ukubwa, 1 ikiwa ndogo. Katibu aliyezoea madaraja ya kahawa au tumbaku atajifunza alama hizi kwa nusu saa.

Lakini karatasi hiyo imeandikwa Kijapani, na anayeitafsiri aghalabu ni muuzaji. Yafaa chama kidai picha ya karatasi asilia, nzima, isiyokatwa pembe, na kitafute mtu mwingine wa kuisoma maelezo yaliyoandikwa kwa mkono. Humo ndimo huandikwa kwamba giaboksi inashtuka au kwamba gari lilizama katika maji ya mafuriko. Muuzaji akisema karatasi haipo, huenda ni kweli, kwa kuwa si kila gari hupita mnadani. Hata hivyo bei yake haina budi kuwa ya gari lisilo na daraja, sawa na mzigo ambao karani amekatazwa kuufungua. Wanachama wa mikoa ya korosho wanakumbuka malalamiko ya wanunuzi wa ng'ambo juu ya kokoto zilizokutwa ndani ya magunia. Wale nao walinunua kwa daraja, wakiwa mbali. Safari hii mwanaushirika ndiye aliye ng'ambo.

Namba ya chasisi ipatikane kabla ya fedha kutoka. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi, yenye herufi za aina ya gari, kistari, kisha tarakimu. Magari ya Ulaya huwa na namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Namba iliyo katika karatasi ya mnada, katika ankara, katika hati ya Japani ya kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha, katika hati ya shehena ya meli, na ile iliyogongwa kwenye bati la gari lenyewe, lazima ziwe moja. Kosa la tarakimu moja huonekana dogo mezani kwa katibu. Bandarini si dogo, maana gari halitoki, na gharama za kulihifadhi huongezeka kila siku.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa chama kinachotaka gari la injini inayozidi cc 2,000, lenye umri zaidi ya miaka 10, na thamani yake pamoja na nauli na bima mpaka Dar es Salaam iwe shilingi 20,000,000. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 5,000,000. Jumla 25,000,000. Juu yake huja ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa ukubwa wa injini, yaani 2,500,000, na asilimia 30 nyingine kwa sababu ya uzee wa gari, yaani 7,500,000. Jumla 35,000,000. Kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, yaani 6,300,000. Jumla 41,300,000. Kodi imeipita bei ya gari. Na hapo tozo ndogo za forodha, gharama za bandari, wakala, usajili na bima bado hazijaguswa.

Wako wanaofikiri kwamba muuzaji akiandika bei ndogo kwenye ankara kodi itapungua. Mbali ya kuwa ni udanganyifu, haisaidii, kwa kuwa Mamlaka ya Mapato Tanzania ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika na haitegemei ankara peke yake. Kikokotoo cha mfumo huo kiko wazi kwa kila mtu. Katibu akiingize aina ya gari, mwaka na injini kabla ya kikao cha Bodi, achapishe jibu, alifungashe pamoja na makabrasha ya kikao. Viwango navyo vitazamwe upya kila mwaka, kwa maana bajeti ya Serikali huweza kuvibadili. Vyama vya mipakani vizingatie kwamba majirani wana sheria zao: Kenya haipokei gari lenye umri unaozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imekataza magari ya miaka 15 na zaidi.

Chama kinachokata ushuru wa shilingi 50 kwa kilo kitahitaji kilo 826,000 za pamba ili kupata hizo shilingi 41,300,000. Tarakimu hiyo isomwe kwa sauti katika Mkutano Mkuu, mbele ya watu waliozipalilia kilo hizo. Ikiwa bado watasema ndiyo, ni haki yao. Miaka ya baada ya uhuru watu wa Afrika Mashariki walibuni neno "Wabenzi" kwa viongozi waliopanda Mercedes huku wananchi wakienda kwa miguu, na neno hilo halijasahaulika vijijini. Mwenyekiti mwenye busara hupendelea pikapu.

Wakati wa malipo ndipo fedha nyingi hupotea, na hapo ubovu wa gari hauna sehemu yoyote. Wauzaji wa Japani kwa kawaida hudai kulipwa kabla hati hazijatumwa, na mara nyingi kabla gari halijapakiwa. Kwa hiyo ankara iandikwe kwa jina la chama. Isiandikwe kwa jina la Mwenyekiti, wala la shemeji yake aliye mjini mwenye "uzoefu wa magari." Fedha zitoke katika akaunti ya chama kwa saini zilizoidhinishwa, ziende katika akaunti ya benki yenye jina lile lile la kampuni lililo kwenye ankara. Ukifika ujumbe siku ya malipo ukisema kwamba akaunti imebadilika, malipo yasimame. Wezi huingia katikati ya mawasiliano ya watu na kuandika kwa jina la muuzaji. Ipigwe simu kwa namba iliyojulikana tangu mwanzo, si ile iliyoletwa na ujumbe huo. Kadhalika, hati ya shehena imtaje mpokeaji kuwa ni chama. Hati ikitoka na jina la mtu binafsi, forodha itamtambua mtu huyo, na chama kitabaki kudai gari lake kwa maneno.

Yote hayo yatanguliwe na idhini. Ununuzi uwemo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Kama fedha ni za kukopa, ukomo wa madeni uheshimiwe. Bodi iliyonunua kwanza na kuomba baraka baadaye inawaachia wanachama kuchagua kati ya kukubali na kugombana, wakati gari liko melini.

Kabla ya kulipa, muuzaji aombwe picha za uvungu wa gari, maana magari ya Hokkaido na mikoa mingine ya theluji hupita katika barabara zilizomwagiwa chumvi, na kutu huanzia chini. Aombwe pia picha ya mwendo inayoonyesha injini ikiwashwa ikiwa baridi, na gari likiwa limelala usiku kucha kabla halijawashwa. Muuzaji mwaminifu atanung'unika kidogo kisha atazileta. Asiyezileta amekwisha kujibu.

Ipo njia nyingine, ambayo haina mvuto lakini ina faida: kununua gari lililokwisha kufika na kulipiwa kodi, Dar es Salaam au Arusha. Bei itakuwa juu. Lakini fundi wa chama atalala chini yake, atanusa mafuta ya giaboksi, ataliendesha kwenye matuta, na jioni atarudi kusema ndiyo au hapana. Kwa chama ambacho hakina katibu mwenye muda wa kufuata hati tano kwa miezi miwili, tofauti hiyo ya bei ni halali.

Gari likifika bandarini, mjumbe wa Bodi pamoja na fundi walikague kabla halijaondoka uani, wakiwa na karatasi ya mnada mkononi. Wahesabu akiba ya tairi, jeki, redio na funguo, wasome kilomita, na kila upungufu uandikwe na kutiwa saini na wakala pale pale. (Redio ya Kijapani iliyotengenezwa kwa masafa ya megahezi 76 hadi 90 haitashika stesheni nyingi za hapa, hiyo si hitilafu, asidaiwe mtu.) Baada ya usajili, kadi ya gari ifungiwe katika kasha la chama, gari liingizwe katika daftari la mali kwa gharama yake yote, pamoja na kodi, na daftari la safari lifunguliwe siku hiyo hiyo kabla dereva hajakabidhiwa funguo.