Akiba ya dobi wa Mississippi

Oseola McCarty alikuwa dobi. Mjini Hattiesburg, jimboni Mississippi nchini Marekani, alifua na kupiga pasi nguo za watu kwa zaidi ya miaka 70. Mashine ya kufulia aliijaribu akaiona haitakatishi, akarudia sufuria la maji ya moto na ubao wa kusugulia. Gari hakuwahi kumiliki. Vijisenti vyake alivipeleka benki, kidogo kidogo, na asiviguse.

Mwaka 1995, akiwa na miaka 87, alitangaza kukiachia Chuo Kikuu cha Southern Mississippi dola 150,000 za kusomesha vijana wasio na uwezo. Chuo hicho kilianza kupokea wanafunzi weusi, watu kama McCarty mwenyewe, mwaka 1965 tu.

Ikulu ikamtunuku nishani, na Harvard ikampa shahada ya heshima. Sawa, alistahili. Ila katika shangwe zile, wachache waliuliza kwa nini McCarty, alipokuwa mtoto, aliacha shule darasa la sita ili kuuguza jamaa yake, asirudi tena. Swali hilo lilistahili uzito uleule wa nishani.

McCarty alifariki mwaka 1999.