Rangi ya Chumba: Nyeupe au Iliyokolea?

Mwenye nyumba aendapo dukani kununua rangi ya chumba, mara nyingi husimama kati ya makopo mawili: moja la rangi ya maziwa, la pili la kijivu kilichokolea. Rangi ya maziwa huogopwa kwa kuwa huonyesha kila alama ya mkono. Kijivu hupendwa kwa kuwa huficha uchafu. Lakini kuficha uchafu si kuuondoa, na lililo kubwa katika chumba ni nuru.

Ukuta mweupe safi hurudisha sehemu 80 hivi katika kila 100 za nuru iufikiayo; ukuta wa kijivu kilichokolea waweza kurudisha chini ya sehemu 20. Kwa hiyo chumba chenye dirisha dogo kikipakwa rangi iliyokolea, mtoto asomaye humo hukaza macho, na taa huwashwa kabla jua halijatua. Kilichookolewa kwa kutosugua ukuta hulipwa katika mafuta ya taa au umeme, tena kila siku.

Wazee wa Pwani walilijua jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu vyumba ni vyembamba, maana upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko, na vyumba vya ndani viko mbali na ua uletao nuru. Mafundi walizikandika kuta kwa chokaa nyeupe, hata zidaka zake, ili nuru kidogo iingiayo isipotee.

Hata hivyo rangi iliyokolea haikosi mahali pake. Chumba chenye madirisha makubwa yaelekeayo magharibi huumiza macho alasiri kikiwa cheupe kitupu. Humo rangi ya mchanga au kijivu huyapumzisha. Na katika chumba cha watoto iko njia ya tatu, iliyotumika sana mashuleni na hospitalini: sehemu ya chini ya ukuta, kama mita 1 kutoka sakafuni, hupakwa rangi ya mafuta iliyokolea, ambayo hufutika kwa kitambaa chenye maji, sehemu ya juu na dari huwa nyeupe.

Kabla ya kununua makopo yote, yamfaa mwenye nyumba kupaka kibao kidogo, akiache kikauke, kwani rangi mbichi hudanganya. Kisha akisimamishe ukutani, akitazame asubuhi, adhuhuri, na usiku taa ikiwaka. Nao watakaolala na kusoma chumbani humo ndio waulizwe kwanza, si wageni wapitao.