Siku Ndefu, Miaka Mifupi: Wazee Wetu na Muda

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika za Kibaha na Kisarawe)



Tumeombwa kuzungumzia huduma kwa wazee. Kwa kawaida mada hii huanza na chakula, dawa na mabati. Leo tunaomba tuzungumzie jambo lisiloingia kirahisi kwenye bajeti, yaani muda. Mzee anauonaje muda, na sisi tunautumiaje muda wake?

Kwanza, hesabu ya miaka. Wazee wengi wa vijiji vyetu walizaliwa nyumbani, bila cheti. Umri wao umo katika matukio: kabla ya Uhuru wa 1961, Operesheni Vijiji ya 1974, Vita vya Kagera, mvua za El Nino za 1997 na 1998. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila ofisi haziisomi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na msamaha wa matibabu kwa mzee asiyejiweza unafuata umri huo. Zanzibar ilipoanza kulipa pensheni jamii Aprili 2016, iliweka miaka 70. Asiyeweza kutaja mwaka wake hubaki mlangoni.

Hapa kamati inaweza kusaidia bila fedha. Kaeni na mzee, mwulizeni habari za maisha yake, kisha linganisheni na miaka inayojulikana. Mama aliyehamishiwa kijijini mwaka 1974 akiwa na mtoto mgongoni amekwisha kuvuka 60. Hapo hakuna la kubishania. Yaandikeni mliyoyasikia na kumsindikiza kwa mtendaji wa kijiji.

Pili, urefu wa siku. Bibi mmoja tuliyemtembelea upande wa Mzenga alituambia kuwa mchana hauishi, lakini Krismasi zinafuatana kama mabehewa. Mwanasaikolojia wa Marekani, William James, aliandika jambo la namna hiyo mwaka 1890: kadiri umri unavyosonga miaka huonekana mifupi, kwa sababu mapya ya kukumbuka yanapungua. Siku inayofanana na jana ni ndefu ukiwa ndani yake, ila ikishapita haiachi alama.

Kwa mkulima, alama zilikuwa misimu: kuandaa shamba kabla ya vuli, kupalilia wakati wa masika, kuokota korosho. Goti likikataa, msimu unaendelea bila yeye. Watoto wako Dar es Salaam, wajukuu wako shuleni. Shamba la jirani limeuzwa na mwembe wa mpakani umekatwa. Tangu 2024 treni ya umeme inapita Soga, na safari ya Morogoro imekuwa fupi. Yote yanakwenda mbio isipokuwa mchana wake.

Dawa yake ni kazi ya kweli, hata iwe ndogo, tena yenye siku yake. Kisarawe na Maneromango zilikuwa vituo vya wamisionari kutoka Ujerumani tangu miaka ya 1890, na wanaokumbuka waliyosimuliwa na babu zao kuhusu makanisa ya kwanza wanazidi kupungua. Mpeni mzee Jumapili moja ya kila mwezi awasimulie watoto wa Shule ya Jumapili. Atakuwa na siku ya kuingojea, na watoto watapata urithi wao.

Tatu, kungoja. Kijana akiambiwa "tutakuja wiki ijayo" huendelea na shughuli zake. Mzee huoga mapema, huvaa kanga ya kutokea au kanzu safi, na kuketi barazani tangu saa mbili asubuhi. Saa nane mchana bado yupo, na chai aliyowawekea wageni imepoa. Hatalalamika, atasema tu kwamba mna kazi nyingi. Basi tusitoe ahadi ya mdomoni. Tutaje siku na saa, na dharura ikitokea tumtume mtoto wa jirani apeleke taarifa.

Nne, muda uliobaki. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonyesha kuwa mtu anayeona muda wake umebaki mfupi huchagua watu wachache walio karibu naye kuliko kutafuta marafiki wapya. Kwa hiyo mgeni mmoja anayefahamika, anayerudi kila mara, ana faida kwa mzee kuliko ugeni wa watu kumi wenye kamera.

Hata hivyo mzee huyohuyo utamkuta akipanda mnazi. Mnazi wa kienyeji huchukua miaka 6 au zaidi kuzaa, naye anajua nani atakunywa madafu yake. Anapanga kwa ajili ya muda usio wake.

Hapo tunawageukia wafadhili wetu kwa heshima. Mradi una miaka mitatu na ripoti ya kila robo mwaka, na utaratibu huo tunauheshimu. Lakini kwa mzee, kufungwa kwa mradi ni mtu fulani aliyeacha kuja. Tunaomba kila mpango wa kutembelea wazee uonyeshe tangu ukurasa wa kwanza ni mwanakamati gani ataendelea kuja fedha zitakapokwisha. Usharika ambao haujampata mtu huyo usubiri kwanza kuanza.

Zaburi ya 90, ambayo wengi tunaisikia misibani, imeunganisha kuhesabu siku na hekima. Kabla ya kikao kijacho, kila kamati ilete orodha ya wazee wake: jina, umri uliolinganishwa na matukio, siku ya kutembelewa, na jina la atakayekwenda. Karatasi moja inatosha.