Dripu ya Maumivu ya Neva

Leo nazungumza na mzee ambaye mkanda wa jeshi ulimwachia kitambo, malengelenge yakakauka, lakini ubavu ungali unawaka. Nazungumza pia na mama mwenye kisukari ambaye usiku hata shuka likigusa nyayo huhisi kakanyaga kaa la moto. Hayo ni maumivu ya neva. Neva zenyewe zimeumia, nazo zinaupelekea ubongo habari za moto usiokuwepo.

Ndiyo maana panado na diklofenaki hazifui dafu. Daktari huanza na amitriptilini kidogo usiku, au gabapentini. Ukiambiwa amitriptilini ni dawa ya mfadhaiko, usiitupe: hapa kazi yake ni kutuliza neva, na yataka wiki kadhaa.

Wapo ambao hata hizo haziwafai, na mateso yao ni ya kweli. Hao ndio ambao bingwa wa maumivu anaweza kuwafikiria kwa dripu ya ketamini au ya lidokeini, dawa ya ganzi. Ketamini ni dawa ya usingizi wa upasuaji, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985. Kwa maumivu hutolewa kidogo, polepole, kwa saa kadhaa, ikizuia vipokezi vya uti wa mgongo na ubongo vinavyoyakuza maumivu. Presha, moyo na pumzi hupimwa wakati wote, maana presha yaweza kupanda na mgonjwa akaona njozi. Wengine hupata nafuu ya siku au wiki, wengine hawapati. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa 2018 ulikiri kwamba kwa aina nyingi za maumivu ushahidi bado ni dhaifu.

Kwa hivyo nawasihi, msikubali kutundikiwa maji ya vitamini nyuma ya duka la dawa mkidhani ndiyo tiba hii. Anza zahanati, uombe rufaa ya Hospitali ya Moi, Voi. Usiseme tu naumwa: sema inachoma, ina ganzi, inapiga kama shoti. Na ubebe pakiti za dawa zote ulizokwisha kumeza, kwa sababu bingwa hafikirii dripu kabla ya kujua zipi zilishindwa, kwa kipimo gani na kwa muda gani.