MAJI YANAYODONDOKA KWENYE BOMBA LA PIKIPIKI

Mazungumzo na wanakisomo wa Bulyaga, Tukuyu



Leo tuzungumze juu ya pikipiki. Siku hizi zimejaa huku kwetu Rungwe. Zinabeba ndizi, zinabeba wagonjwa. Kijana akipata pikipiki, nyumba nzima inakula. Pikipiki ikiumwa, nyumba nzima inaumwa.

Tukuyu iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai baridi yake tunaijua. Asubuhi mtu anawasha pikipiki, mara anaona maji yanadondoka tone tone kwenye bomba la moshi. Anashtuka. Huyu anasema, "Maji yameingia kwenye injini!" Yule anasema, "Muuza petroli ametia maji!" Basi injini inafunguliwa, na fedha za chakula zinakwisha bure.

Je, maji hayo yanatoka wapi? Yanatoka katika petroli yenyewe. Msishangae. Ndani ya petroli mna kaboni na haidrojeni. Petroli inapoungua, haidrojeni inaungana na oksijeni iliyo katika hewa. Zikiungana hivyo, zinakuwa maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Lakini maji hayo hutoka yakiwa mvuke, ndiyo maana kwa kawaida hatuyaoni.

Tuangalie jikoni. Mama akichemsha ndizi, mvuke hupanda na kugusa mfuniko. Akifunua, mfuniko umejaa matone. Bomba lililolala na baridi usiku kucha ni kama mfuniko huo. Mvuke ukiligusa, unapoa na kuwa matone. Bomba likishapata moto, matone yanakoma.

Kwa hiyo matone hayo si ugonjwa. Dalili za ugonjwa ni hizi:

1. Moshi wa bluu usiokoma. Injini inakula oili.

2. Moshi mweusi. Petroli ni nyingi kuliko hewa. Fundi aangalie kichujio cha hewa.

3. Oili imekuwa nyeupe kama maziwa. Imechanganyika na maji. Imwagwe, itiwe mpya, na fundi atafute maji yalikoingilia.

4. Pikipiki inakohoa na kuzimikazimika. Huenda kuna maji kwenye tanki. Toa petroli kidogo, weka katika chupa, uiache itulie mbali na moto. Kama ina maji, yatakaa chini na petroli juu.

Tena, pikipiki inayokwenda safari fupi fupi tu, bomba lake halipati moto wa kutosha. Maji yanabaki ndani na kuleta kutu. Ipate siku ya mwendo mrefu kidogo, bomba likauke.

Sasa tuje kwenye neno kubwa. Wengi wetu tunalaza pikipiki ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Asubuhi, kwa sababu ya baridi, mtu anaiwasha humo humo, mlango umefungwa, watoto wamelala. Ndugu zetu, hapo pana kifo! Maji tunayoyaona hayadhuru. Kinachoua hatukioni. Moshi huo una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, kisha huzimia na kufa. Aliyelala hana hata habari. Sumu hiyo hiyo hutoka katika jiko la mkaa lililowekwa kwenye chumba kilichofungwa.

Basi tukubaliane. Pikipiki isukumwe nje kwanza, ndipo iwashwe. Mtu akizidiwa, fungueni milango, zimeni injini, mtoeni nje penye hewa safi, na mpelekeni hospitali upesi.

Wewe uliyesoma haya, msomee na jirani yako asiyejua kusoma.