Geto Lako Linasema Nini?

Leo tuongee kuhusu vyumba vyetu.

Unaingia kwa mshikaji, kitanda hakijatandikwa, nguo ziko chini, sufuria ya jana bado ipo. Moyoni unasema, "Huyu mvivu." Kwa mwingine unakuta shuka limenyooka, vitabu vimepangwa. Unasema, "Huyu ndiye mtu." Je, ni kweli?

Mwaka 2002, mwanasaikolojia Sam Gosling na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya utafiti. Watu waliingizwa katika vyumba vya kulala 83, wenyewe hawapo, wakaambiwa wakisie tabia zao. Kama mwenye chumba anapenda mambo mapya, walipatia sana. Kama ni mtu wa utaratibu, walipatia kiasi. Lakini upole na roho nzuri? Hapo makisio yao yalikuwa dhaifu kuliko yote.

Umeona? Kwa hiyo, dada, usimpende mtu kwa sababu ya shuka. Anayejua kukunja nguo anaweza pia kukunja ngumi. Na wewe kaka, usimwite msichana mchafu kwa sababu meza yake imejaa karatasi. Mbona mvulana mwenzako humwiti hivyo?

Halafu tukumbuke, wengi wetu hatuna uchaguzi. Mnalala watatu chumba kimoja, kabati hakuna, nguo zote kwenye kamba. Hapo tabia haihusiki, nafasi ndiyo ndogo. Ila hata hapo chandarua kifungwe, na mchana dirisha liwe wazi hewa ipite.

Sasa sikiliza hili. Kitu cha kukushtua ni mabadiliko. Mwenzako alikuwa anafagia kila asubuhi, sasa wiki ya pili hagusi ufagio, haogi, hali vizuri, anajifungia ndani. Usimcheke. Inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Kaa naye umuulize taratibu, "Vipi, uko sawa kweli?" Kisha nyamaza, msikilize. Mpeleke kituo cha afya. Akisema anatamani kufa, usimwache peke yake hata kidogo. Mwite mtu mzima mnayemwamini, muende siku hiyo hiyo.

Haya, nani kati ya rafiki zako hujamgongea mlango siku nyingi? Ukitoka hapa, pitia kwake.