Picha Safi ya Samaki wa Tangini: Maelezo kwa Wafugaji wa Kamenu



Biashara ya samaki wa mapambo siku hizi huanzia kwenye simu. Mteja aliye Ruiru huona picha kwanza, kisha huuliza bei, ndipo anapotuma pesa. Naye mfugaji akiona samaki wake amezubaa, hutuma picha kwa afisa wa uvuvi na kuomba ushauri. Katika hali zote mbili, picha mbaya ina gharama.

Chukueni mfano wa samaki wa dhahabu mwenye vidoa vyeupe. Upo ugonjwa wa madoa meupe unaoletwa na kimelea. Madoa yake hufanana na punje za chumvi, nayo hutapakaa mwilini na kwenye mapezi. Lakini dume wa samaki wa dhahabu, wakati wa kuzaana ukifika, huota vipele vidogo vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani. Huyo haumwi. Kwenye picha yenye ukungu, hao wawili hawatofautiki. Mfugaji akikimbilia dawa, huenda akaua bakteria wanaosafisha maji ya tangi, na samaki waliokuwa wazima wakaanza kufa.

Kazi huanzia kwenye kioo. Upande wa nje ufutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu, bila sabuni, kwa kuwa sabuni ikiingia majini ni sumu. Upande wa ndani ukwanguliwe ukijani, kisha maji yaachwe yatulie. Picha ipigwe kabla ya kulisha, kwa sababu mabaki ya chakula huonekana kama vumbi. Pampu ya hewa inaweza kuzimwa kwa dakika chache ili mapovu yapungue, lakini mfugaji asisahau kuiwasha tena.

Pili ni mwanga. Flashi ya simu ikielekezwa moja kwa moja kwenye kioo hurudi kama doa jeupe na kumfunika samaki. Afadhali taa ikae juu ya tangi, na taa za chumba zizimwe. Kitambaa cheusi kikitundikwa nyuma ya mpiga picha, sura yake na dirisha havitaonekana kwenye kioo.

Tatu, simu ishikwe karibu na kioo, ikitazamana nacho sawasawa. Ikiinamishwa, mwanga hupinda unapopita kwenye maji na kioo, na samaki hutoka akiwa amevutika au amefifia. Lenzi ifutwe. Kidole kiguse jicho la samaki kwenye skrini, maana jicho likionekana vizuri, picha nzima hupendeza. Samaki hatulii, kwa hiyo zipigwe picha nyingi mfululizo, kisha ichaguliwe moja. Kumfukuza kwa wavu au kugonga kioo humtia hofu, na samaki mwenye hofu hukunja mapezi na rangi yake hufifia.

Koi ni tofauti kidogo. Kwa kawaida huyo hutazamwa kutoka juu, kwa hiyo mnunuzi hutaka kuona mgongo wake. Beseni pana lenye maji ya bwawa lenyewe latosha. Apigwe haraka, kivulini, na kurudishwa.

Kwa anayeuza, lipo jambo moja la uaminifu. Kuongeza rangi kwa programu ya simu ni kumuuzia mteja samaki asiyekuwepo. Atampokea, atamtazama, na hatarudi. Rula au sarafu ikibandikwa kwenye kioo, mteja hupata kadirio la ukubwa bila kubahatisha.

Kwa anayeomba ushauri wa ugonjwa, afisa anahitaji picha ya ubavu wa kulia na wa kushoto, picha ya karibu ya kidonda au madoa, picha ya tangi lote, na video ya nusu dakika inayoonyesha jinsi samaki anavyopumua. Aelezwe pia maji yalibadilishwa lini, samaki wapya waliingizwa lini, na wanalishwa nini. Dawa isubiri jibu.

Mwisho, ni vyema kila mfugaji ahifadhi picha ya samaki wake kila mwezi, akiwa mzima, kwa upande uleule na mwanga uleule. Siku doa jipya litakapotokea, kutakuwa na picha ya kulinganisha. Mwenye swali afike kwa maafisa wa uvuvi wa kaunti akiwa na simu yake na picha zake.